Kiolesura cha sauti: maana, matumizi na namna ya kukichagua

kiolesura cha sauti nm [ki-/vi-] (wingi: *violesura vya sauti*) kifaa kinachobadilisha mawimbi ya umeme yatokayo kwenye maikrofoni au ala ya muziki kuwa tarakimu ambazo kompyuta huweza kuzihifadhi, na kuzirudisha tarakimu hizo kuwa mawimbi ya umeme yanayoendesha hedifoni au spika. Katika studio nyingi za mitaani kifaa hiki huitwa *saundi kadi* au *intafesi*.

Maelezo ya jumla

Neno *kiolesura* likisimama peke yake katika lugha ya kompyuta humfanya msomaji afikirie sura ya programu anayoiona kwenye kioo: vitufe, menyu na madirisha. Kwa hiyo katika maandishi yanayohusu kurekodi haifai kufupisha na kuandika *kiolesura* tu, isipokuwa kama jina kamili limekwisha kutajwa katika aya ileile. Jina *kadi ya sauti* nalo lina asili yake: hapo awali saketi ya sauti ilikuwa kweli kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani. Kifaa cha leo ni kisanduku cha nje kinachounganishwa kwa kebo. Mfasiri anaweza kutumia *saundi kadi* anapoandika mazungumzo ya mafundi, lakini katika mwongozo wa kiufundi *kiolesura cha sauti* ndilo jina lenye usahihi zaidi.

Ugumu mkubwa wa uwanja huu hauko katika jina la kifaa chenyewe, bali katika maneno yanayolizunguka. Kiswahili cha kila siku hutumia neno moja kwa vitu viwili au vitatu ambavyo mnunuzi na mfasiri hawana budi kuvitenganisha. Asiyevitenganisha huweza kununua kifaa kisichomfaa, au kuandika maelekezo yanayompeleka msomaji kwenye tundu lisilo sahihi. Kosa la namna hiyo huwa zito pale kinachorekodiwa hakiwezi kurudiwa, kwa mfano masimulizi ya mzee ambaye huenda hatapatikana tena. Kwa sababu hiyo makala haya yanaanza na maneno, kisha yanaendelea na uchaguzi wa kifaa.

Maneno yanayochanganywa

*1. Kipaza sauti, maikrofoni, spika, kinasa sauti*

Kitenzi *paza* maana yake ni kuinua juu. Kutokana nacho *kipaza sauti* kimetumika kwa chombo anachoshika msemaji mkononi na vilevile kwa chombo kinachotoa sauti kubwa mbele ya hadhira. Katika taarifa ya habari hilo halina madhara: "Mgeni rasmi alishika kipaza sauti" na "Vipaza sauti vya msikitini vimefungwa upya" zote zinaeleweka, kwa sababu muktadha unasaidia. Katika mwongozo wa kiolesura muktadha hausaidii, maana vyombo vyote viwili huunganishwa kwenye kisanduku kimoja, kimoja kwenye tundu la kuingizia na kingine kwenye tundu la kutolea.

Haifai: "Chomeka kipaza sauti kwenye tundu la kwanza."
Inafaa: "Chomeka maikrofoni kwenye tundu la kwanza la kuingizia."
Inafaa: "Unganisha spika kwenye matundu mawili ya kutolea yaliyo nyuma."

*Kinasa sauti* ni chombo kinachorekodi na kuhifadhi, kama kile cha kanda cha zamani au kile kidogo cha waandishi wa habari. Kiolesura cha sauti si kinasa sauti: hakihifadhi kitu. Kazi ya kuhifadhi hufanywa na programu ya kurekodia iliyomo kwenye kompyuta. Mnunuzi anayetaka kutembea na chombo kimoja kisichohitaji kompyuta anahitaji kinasa sauti.

*2. Sauti, ukuzaji, ukubwa wa sauti*

*Sauti* humaanisha sauti ya mtu, sauti yoyote isikikayo, na pia ukubwa wa sauti, kama katika "Punguza sauti ya redio." Kwenye kiolesura kuna vitasa viwili ambavyo mtafsiri mzembe huweza kuviita vyote "kitasa cha sauti". Cha kwanza huongeza nguvu ya mawimbi dhaifu ya maikrofoni kabla hayajageuzwa kuwa tarakimu; mafundi hukiita *geini*, na katika Kiswahili sanifu kinafaa kuitwa *kitasa cha ukuzaji*. Cha pili huamua tu ni kwa ukubwa gani msikilizaji anasikia katika hedifoni au spika. Hiki ndicho *kitasa cha ukubwa wa sauti*, au *voliumu*.

Tofauti hii ina matokeo. Ukizidisha ukubwa wa sauti, masikio yataumia lakini rekodi itabaki salama. Ukizidisha ukuzaji, mawimbi yatavuka kikomo cha tarakimu na vilele vyake vitakatwa. Hapo ndipo watu husema sauti *inapasuka*. Rekodi iliyopasuka kwa namna hii haina dawa ya uhakika.

Haifai: "Ikiwa sauti inapasuka, punguza sauti."
Inafaa: "Ikiwa sauti inapasuka, punguza ukuzaji."

*3. Ingizo, tokeo, pembejeo*

*Pembejeo* ni mbegu, mbolea, dawa na zana za mkulima, na kwa upana ni mahitaji ya uzalishaji. Neno hilo lisitumike kwa njia ambayo umeme wa maikrofoni huingilia katika kifaa. *Ingizo* linakubalika, *tundu la kuingizia* huonyesha kwa uwazi zaidi kitu kinachoshikika. Vivyo hivyo *matokeo* huelekea mitihani na uchaguzi, kwa hiyo *tundu la kutolea* ni salama zaidi. Panapozungumzwa idadi ya mawimbi yanayopita kwa wakati mmoja, tumia *njia*: "kiolesura chenye njia mbili za kuingia na mbili za kutoka".

*4. Uchelewaji na ucheleweshaji*

Mwimbaji anaposikia sauti yake kwenye hedifoni ikija nyuma ya mdomo wake, hali hiyo ni *uchelewaji*, kutokana na *chelewa*. *Ucheleweshaji* hutokana na *chelewesha*, na humaanisha kitendo cha kumfanya mtu au kitu kichelewe: "ucheleweshaji wa mishahara". Katika studio neno hili la pili linafaa kwa madoido yanayoongezwa kwa makusudi ili sauti irudie kama mwangwi.

*5. Umeme wa volti 48*

Baadhi ya maikrofoni huhitaji umeme ili zifanye kazi, na umeme huo husafiri katika waya uleule unaoleta sauti. Jina lake la Kiingereza lina neno lenye maana ya mzuka, kwa kuwa hakuna waya wa ziada unaoonekana. Mfasiri asiandike *umeme wa mzuka*: msomaji hatapata maana yoyote. Andika *umeme wa volti 48*, maana hata kwenye kifaa chenyewe kitufe chake kwa kawaida huandikwa 48V. Njia hii ilianza kutumika mwaka 1966, kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilipotengenezea shirika la utangazaji la Norway maikrofoni za namna hiyo.

Namna ya kuchagua

Baada ya kutenganisha maneno, uchaguzi hugeuka kuwa maswali machache yanayojibika. Bei ije mwishoni, kwa kuwa kifaa rahisi kisichojibu swali la kwanza ni ghali.

*Swali la kwanza: ni vyanzo vingapi vitarekodiwa kwa wakati mmoja?*

Maneno ya msingi hapa ni *kwa wakati mmoja*. Mtu mmoja anayesoma hadithi anahitaji njia moja. Mahojiano ya watu wawili yanahitaji njia mbili, ili kila sauti iwe na faili yake na iweze kusahihishwa peke yake. Mwanamuziki anayepiga gitaa, kisha akaimba juu ya alichokwisha kurekodi, hatahitaji zaidi ya njia mbili hata kama wimbo wake una tabaka ishirini. Lakini kikundi kidogo cha taarab kinachopiga pamoja, chenye mwimbaji, udi, kanuni, fidla na dumbaki, kina vyanzo vitano. Kiolesura cha njia mbili hakitakifaa, na kinachofuata kwa busara ni cha njia nane.

Majina ya bidhaa husaidia kwa kiasi. Katika mfululizo wa Focusrite Scarlett, *2i2* ni njia mbili za kuingia na mbili za kutoka. Hata hivyo, tarakimu hizo zisomwe kwa uangalifu: *18i20* ina njia 18 za kuingia, lakini matundu yenye saketi ya kukuzia maikrofoni ni manane tu. Njia nyingine kumi hupokea mawimbi ya kidijitali kutoka vifaa vingine. Anayehesabu maikrofoni ahesabu matundu ya maikrofoni.

*Swali la pili: vyanzo hivyo ni vya aina gani?*

Maikrofoni huunganishwa kwa plagi ya XLR yenye pini tatu. Gitaa la umeme hutumia plagi ya milimita 6.35. Kinanda cha umeme nacho hutumia plagi ya umbo lilelile, ila mawimbi yake yana nguvu zaidi. Violesura vingi vina tundu la pamoja linalopokea plagi zote mbili, pamoja na kitufe cha kuchagua kati ya *ala* na *laini*. Gitaa la umeme lihitaji upande wa *ala*, ambao kwa kawaida huwa na ukinzani wa takribani omu milioni moja. Likichomekwa upande wa *laini*, sauti yake hufifia na kupoteza ung'avu.

Kwa upande wa maikrofoni, *maikrofoni ya kondensa* huhitaji umeme wa volti 48, na *maikrofoni ya dainamiki* haiuhitaji. Maikrofoni ya dainamiki iliyo nzima, iliyounganishwa kwa kebo nzima ya XLR, haidhuriwi na umeme huo. Tahadhari ni kwa maikrofoni za zamani za utepe, ambazo huweza kuharibika. Kanuni njema ni hii: chomeka kebo kwanza, washa umeme baadaye, zima umeme kwanza, chomoa kebo baadaye.

*Swali la tatu: kifaa kina uwezo gani wa kukuza?*

Ukuzaji hupimwa kwa desibeli. Desibeli 60 ni kuzidisha volti mara elfu moja. Maikrofoni ya kondensa, ambayo mawimbi yake yana nguvu kiasi, mara nyingi hutosheka na chini ya hapo. Maikrofoni za dainamiki huhitaji zaidi, hasa kwa msemaji wa sauti ya chini. Shure SM7B, inayopendwa na watangazaji, huhitaji ukuzaji wa angalau desibeli 60 kwa maelezo ya watengenezaji wake. Kiolesura kinachoishia desibeli 50 kitailazimisha kompyuta kuongeza kilichobaki, na pamoja na sauti ya msemaji kitainuka pia kelele ya ndani ya saketi, inayosikika kama mchanga unaomwagika taratibu. Kabla ya kununua, linganisha namba ya ukuzaji iliyo kwenye maelezo ya kiolesura na mahitaji ya maikrofoni uliyonayo.

*Swali la nne: sampuli ngapi, na biti ngapi?*

Kugeuza sauti kuwa tarakimu ni kuipima mara nyingi kila sekunde. Kila kipimo ni *sampuli*. Idadi ya vipimo kwa sekunde ni *kiwango cha sampuli*. Na ufasaha wa kila kipimo huelezwa kwa *biti*. Santuri ya kidijitali, yaani CD, hutumia sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16. Kazi za video hutumia sampuli 48,000. Kwa kanuni ya usampulishaji, kiwango cha sampuli lazima kizidi maradufu ya masafa ya juu kabisa yanayorekodiwa. Na kwa kuwa sikio la mwanadamu husikia hadi karibu hezi 20,000, viwango vyote viwili vinatosha.

Kila biti huongeza takribani desibeli 6 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa inayoweza kuandikwa. Biti 16 hutoa kama desibeli 96. Biti 24 hutoa kama 144 kwa nadharia, ingawa saketi halisi hazifikii hapo. Faida ya biti 24 ni nafasi: anayerekodi anaweza kuacha pengo la usalama juu ya sauti kubwa kabisa bila kuogopa kelele za chini. Msimulizi akipandisha sauti ghafla, hapasuki.

Sampuli 96,000 au 192,000 zilizoandikwa kwenye boksi zisiwe sababu kuu ya kununua. Sauti ya njia mbili kwa biti 24 na sampuli 48,000 hujaza takribani gigabaiti moja kwa saa; kwa sampuli 96,000 hujaza mbili. Kwa wanaohifadhi fasihi simulizi, inafaa kujua kwamba chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza kiwango cha chini cha sampuli 48,000 na biti 24 katika kunakili rekodi za analogi. Kiwango hicho hicho ni msingi mzuri kwa rekodi mpya, na karibu kila kiolesura cha leo hukifikia.

*Swali la tano: uchelewaji ni kiasi gani?*

Kompyuta haipokei sampuli mojamoja. Huzikusanya kwa mafungu. Fungu la sampuli 256 kwa kiwango cha 48,000 huchukua milisekunde 5.3. Kwa kuwa sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, muda huo ni sawa na kumsikiliza mtu aliye mbali kwa mita 1.8. Hakuna anayesumbuka. Lakini safari ni ya kwenda na kurudi, na ugeuzaji nao huongeza muda, kwa hiyo jumla huzidi maradufu ya hapo. Fungu la sampuli 1,024 huchukua milisekunde 21 kwa upande mmoja tu, na mwimbaji ataanza kujikwaa.

Suluhisho la kwanza ni kupunguza fungu, ikiwa kompyuta ina nguvu ya kutosha. La pili ni kununua kiolesura chenye *usikilizaji wa moja kwa moja*: sauti hupelekwa kwenye hedifoni kabla haijaingia kwenye kompyuta. Anayesoma vitabu au kufanya mahojiano hahitaji zaidi ya hilo.

*Swali la sita: kitaungana vipi na kompyuta, na kitapata wapi umeme?*

Mnunuzi asiogopeshwe na namba ya USB. Njia mbili za biti 24 kwa sampuli 48,000 ni biti 2,304,000 kwa sekunde, USB 2.0 imeundwa kupitisha hadi biti milioni 480. Lililo muhimu zaidi ni *kiendeshi*, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Kwenye Windows, kiolesura kiwe na kiendeshi chake cha ASIO. Kwenye kompyuta za Apple na kwenye simu nyingi, violesura vinavyofuata kanuni ya pamoja ya USB hufanya kazi bila kusakinisha kitu.

Kiolesura kinachopata umeme kupitia kebo ya USB kina faida mahali ambapo umeme hukatika: kompyuta ya mkononi ikiendelea kwa betri, rekodi haikomi. Pia, ukisikia mvumo mzito katika rekodi, huenda ni umeme wa ukutani, ambao katika Afrika Mashariki hubadilika mara 50 kwa sekunde. Kurekodi kwa betri, chaja ikiwa imechomolewa, ni jaribio la kwanza la kutambua chanzo chake.

Mifano ya matumizi

"Kiolesura hiki kina matundu mawili ya kuingizia, lakini ni moja tu linalokubali gitaa."
"Alishusha ukuzaji kabla msimulizi hajaanza, kwa kuwa alijua bibi huyo hupaza sauti anapofika kwenye wimbo."
"Uchelewaji ulipozidi, mwimbaji alisikilizishwa sauti yake moja kwa moja kutoka kwenye kiolesura."
"Maikrofoni ilikuwa nzima, umeme wa volti 48 ndio uliokuwa haujawashwa."

Angalizo kwa wafasiri na walimu

Chagua istilahi moja kwa kila dhana, kisha ishike hadi mwisho wa matini. Anayeandika *maikrofoni* katika ukurasa wa kwanza na *kipaza sauti* katika ukurasa wa tatu kwa ajili ya kupamba lugha humfanya msomaji atafute kifaa cha pili ambacho hakipo. Katika insha kubadilisha visawe huonyesha utajiri wa msamiati. Katika maelekezo ya kiufundi ni kosa. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: waandike maelekezo ya kurekodi masimulizi ya dakika kumi, kisha mwanafunzi mwingine ayafuate hatua kwa hatua bila kuuliza swali. Kila swali litakaloulizwa litaonyesha neno linalohitaji kutenganishwa.

Linganisha: *kinasa sauti*, *kikuza sauti*, *maikrofoni*, *spika*, *ukuzaji*, *uchelewaji*.